Ngoja-Kwanza, Zimeanza Kufagia

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuondokee, dada, na leo hatuna hata nafasi ya kulia. Tuna habari! Tumeibana kifuani wiki nzima tukisubiri siku yako ifike.

Lakini tuanze na wewe, maana wanaosoma hapa hawakujui wote. Ulikuwa mtafiti wa seli. Ulipata shahada ya uzamivu tukadhani umemaliza, kumbe ndiyo kwanza unaanza: mkataba mfupi hapa, mkataba mfupi pale, maabara za watu, vyumba vya kupanga, masanduku hujayafungua yote unahama tena. Baba akiuliza utaajiriwa lini moja kwa moja, ulicheka: "Baba, ngoja kwanza." Hata kazini wakakubatiza hivyo hivyo, Ngoja-Kwanza.

Kichekesho ni kwamba nyumbani hukuweza kungoja chochote. Wali uko jikoni, wewe unafunua sufuria, unafunika, unafunua tena, mpaka mama anakutoa kwa mwiko. Ukipewa ufagio ndiyo balaa. Ulipitisha katikati ya chumba tu, vumbi la pembeni likakaa raha mustarehe. Ila mmoja wetu akiumwa, wewe ndiye wa kwanza kufika, na machungwa yako, na maswali kuliko daktari.

Kazini ulikuwa mtu mwingine. Ulikuza seli za njia ya hewa, zile ambazo zikikomaa huota vinyweleo vidogo mno vya kufagia uchafu utoke kifuani. Ulichukua za watoto wenye kikohozi kisichokoma, ambao vinyweleo vyao vimelala tu, ukazirekebisha, ukasema zitafagia. Wenzako walichungulia mapema, wakaona kimya, wakataka kumwaga.

"Ngoja kwanza," ukawaambia. "Hazijakomaa. Ziacheni zipate hewa humo humo zinamokulia, na hilo kabati la joto msilifungue-fungue."

Mama akidai wajukuu ulimjibu, "Wapo kabatini, nawalisha kila siku." Alinuna kweli!

Ukaondoka kabla hujaona. Mkuu wa maabara akataka meza yako na kabati vipewe mtu mwingine, nasi tukaogopa, dada. Tuliogopa kwamba jasho lako lote litamwagwa kwenye sinki. Rafiki yako wa meza ya jirani akamsihi mkuu ampe kichupa kimoja tu cha seli ulizogandisha. Akazikuza kwa mtindo wako, na mlangoni pa kabati akabandika karatasi: NGOJA KWANZA. Wiki iliyopita akatupigia simu, anapiga kelele hata hasikiki: "Njooni wote! Zinafagia!"

Tulikwenda mbio, baba kavaa viatu visivyofanana. Rafiki yako alikuwa amesharudia jaribio, na matokeo ni yale yale. Makala inaandikwa, na jina lako limetangulia. Kisha mama akainamia darubini. Tulijua atalia. Akakaa, akakaa, hataki kumpisha mtu. Halafu akacheka, kile kicheko tulichokikosa tangu uondoke.

"Wajukuu zangu hawa!" akasema. "Wanafagia vizuri kuliko mama yao!"

Unakumbukwa na baba, na mama anayemsimulia kila jirani, na sisi wadogo zako wawili, na shangazi, na rafiki yako wa maabara ambaye sasa ni wa nyumbani.

Tumengoja, dada, na ulisema kweli. Daima tutakukumbuka.