Wiki Kumi na Saba za Kuvuka Mto

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba. Naomba unisaidie kwa sababu nyumbani kwangu naonekana mwehu, na mimi najijua si mwehu, ni mtu wa utaratibu tu, fundi cherehani mwaka wa kumi na nane huu na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia suruali.

Jambo lenyewe ni hili. Kila Jumamosi mchana nikishafunga kazi naondoa mkasi na chaki kwenye meza ya kukatia vitambaa, tunakaa watu watatu, mimi, dada yangu mkubwa ambaye ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na kinyozi wa mlango wa pili, tunacheza mchezo wa hadithi. Usicheke. Ni mchezo wa watu wazima. Kila mchezaji ana shujaa wake kaandikwa kwenye karatasi, nguvu zake hizi, ustadi wake huu, mchezaji anasema shujaa wangu anafanya jambo fulani, tunarusha dadu kuona kama amefaulu, na mimi ndiye msimamizi, nasimulia nchi, mazimwi na mvua. Shujaa wa dada anaitwa Mama Shoka, mpiganaji, na kinyozi ana mchawi mzee mwenye ndevu ndefu na domo kama la mwenyewe. Tulianza miaka tisa iliyopita, na siku ile ya kwanza kabisa joka lilimwiba binti wa Mama Shoka likavuka naye mto, na mpaka leo tunamtafuta huyo mtoto.

Miaka sita tulicheza kwa kitabu kimoja cha sheria, kikachanika mgongo nikakishona kwa mkono wangu. Baadaye nikaanza kununua vitabu vya nyongeza, kimoja cha silaha, kimoja cha hali ya hewa, kimoja cha farasi, ingawa hawana farasi lakini huwezi kujua, na cha nne cha maisha ya porini, ambacho kilisema wazi kwamba shujaa hawezi kuwasha moto kama karatasi yake haina ustadi wa kuwasha moto. Nikaangalia karatasi zao, hakuna aliyekuwa nao. Kinyozi akaniuliza, "Fundi, si tumewasha moto miaka yote hii?" Nikamwambia yalikuwa makosa na hayatarudiwa, basi mashujaa wakalala na baridi Jumamosi tatu mfululizo wakitafuna nyama mbichi, na mchawi akaugua tumbo, kwa sababu hilo nalo limo kitabuni.

Mwezi wa pili dada akapata barua ya uhamisho, anapelekwa hospitali ya mbali, safari ya siku mbili, na wiki iliyofuata mimi nikanunua kitabu cha tano, cha mafunzo. Hiki ndicho bora kuliko vyote, mshauri. Kinasema ustadi mpya hauokotwi, lazima uwe na mwalimu na wiki za mazoezi, na nikaamua kwamba wiki moja ya mazoezi ni Jumamosi moja ya kweli, ili watu wasikie uzito wake. Basi tukafika mtoni. Dada akasema, "Mama Shoka anaingia majini." Nikamwuliza, "Anajua kuogelea?" Tukaangalia karatasi, hajui. Kuogelea ni wiki kumi na moja. Mwenye ustadi huo ni mchawi peke yake, lakini mchawi naye hana ustadi wa kufundisha, inabidi aupate kwanza, wiki sita. Jumla kumi na saba.

Dada akaniangalia jinsi anavyowaangalia akina baba wanaozimia mlangoni mwa wodi. Akasema, "Mdogo wangu, leo asubuhi nimezalisha watoto wanne, mmoja katanguliza miguu. Nawe unaniambia siwezi kuvuka maji ya kufikirika?" Nikamjibu, "Wewe unaweza, dada. Mama Shoka ndiye hawezi." Akanikumbusha kwamba zimebaki Jumamosi tano tu aondoke, na kwamba hataki kwenda huko ugenini bila kumwona yule mtoto amepatikana. Nikamwambia sheria ni sheria.

Jumamosi iliyofuata, yaani juzi, nikamwambia kinyozi arushe dadu za somo la kwanza la ualimu. Dada akaziweka dadu zake mezani taratibu, akasema, "Basi mtoto akae hukohuko," akachukua mkoba akatoka. Kinyozi akamfuata hata chai hakumaliza. Mke wangu, ambaye hata hachezi, akanichungulia mlangoni akasema, "Umeshona suruali isiyo na pa kupitisha miguu, halafu unamlaumu mteja."

Mshauri, dada huyu ndiye aliyenilea tangu mama afariki, sijawahi kumwona ananinunia hivi, hata salamu zangu hapokei. Nifanye nini arudi mezani na aheshimu sheria? Au ninunue kitabu cha sita? Nimeona kimoja cha ujenzi, kinasema daraja la kamba ni wiki ishirini na mbili tu.

Wako katika utaratibu,
Msimamizi Asiye na Wachezaji

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Mimi ndiye mkubwa, na hata ningekuwa mdogo, kwa barua hii shikamoo ungenipa.

Kwanza pole. Imetosha, sasa tuongee.

Kitabu cha farasi! Watu hawana hata punda, wewe umenunua kitabu kizima cha farasi. Nimemsomea mhariri wangu, akaenda kukaa nje. Na huyo mzee wa watu, mchawi mwenye uwezo wa kugeuza mawe, umemtia kwenye chuo cha ualimu wiki sita, tena na tumbo linamuuma. Kweli wewe binadamu una roho. Halafu na daraja! Mtu amekasirika kwa kusubiri wiki kumi na saba, dawa yako ni ishirini na mbili. Hilo daraja ukilinunua, mkeo akufungie nje, nami nitamtetea.

Sikatai vitabu vya nyongeza. Mchezo wa miaka tisa unahitaji vionjo vipya, na kitabu kizuri kinawapa wachezaji la kufanya ambalo jana halikuwepo. Chako cha porini kiliwapokonya moto waliokuwa wakiota tangu mwanzo. Ukiona kitabu kipya kinawafanya mashujaa wawe wajinga kuliko walivyokuwa kabla hujakinunua, kirudishe dukani. Na hizo sheria za kujifunza pia zina maana yake. Zimewekwa ili mtu asilale mwashi akaamka daktari. Lakini somo la kuogelea lingekuwa mchana mmoja mtamu kabisa: mzee kashikilia ndevu zisilowe, anamfokea mpiganaji apige miguu, mpiganaji anamtukana, dadu zinaanguka, mmoja anakunywa maji, mnacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Wewe hicho kicheko umekigeuza foleni.

Sheria ni msumeno, nakubali. Ila wewe umekata tawi ulilokalia, sasa unaniuliza kwa nini uko chini.

Haya, sogea karibu, kwa sababu hapa sitanii tena. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwalimu na wiki za mazoezi vimo kitabuni, sawa. Lakini kwamba wiki moja ihesabiwe Jumamosi moja ya kweli, hilo halimo. Umeandika kwa mkono wako, "nikaamua." Msimamizi yeyote angesema "wiki kumi na moja zikapita," akanywa chai, wakaendelea. Wewe umeamua zipite moja moja, na umeamua lini? Barua ya uhamisho ikatangulia, kitabu kikafuata wiki moja baadaye. Dada amebakiwa na Jumamosi chache, wewe ukampa kazi ya kumi na saba. Ulidhani akikwama hapo ukingoni, waajiri wake watasubiri?

Umenijazia kurasa kwa moto, farasi na ndevu. Hakuna mahali hata pamoja ulipoandika kwamba utamkosa. Fundi, wewe unaogopa kuachwa, na badala ya kusema kama mtu mzima umekwenda kujificha nyuma ya kitabu. Huo ni woga, na aliyeulipia ni mwanamke aliyekulea, ambaye alikuomba kitu kimoja tu kabla ya kuondoka.

Sasa nisikilize. Usingoje Jumamosi. Kesho jioni akitoka zamu, nenda kwake kwa miguu yako, mikono mitupu, kitabu kisikufuate. Akifungua mlango mwambie, "Dada, sitaki uende, na nimekutendea vibaya." Maneno hayo hayo, usiyaongezee. Akilia mwache alie. Ukilia wewe, lia, hakuna dadu ya hilo. Ukirudi mpitie kinyozi umwombe radhi, umwambie mzee amehitimu ualimu kwa heshima na tumbo limepona.

Hivyo vitabu vitano viweke juu ya kabati. Ubaki na kile ulichokishona. Jumamosi ya kwanza Mama Shoka avuke mto, ameze maji kidogo, mzee amvute nywele, wafike. Ya pili na ya tatu wapigane na joka, na hapo usiwaonee huruma hata kidogo, maana dada yako si mtu wa kuonewa huruma, akatae kushindwa kirahisi kama anavyokataa kila siku kule wodini.

Ya nne ni ya mtoto. Amekuwa ng'ambo miaka tisa, atakuwa amekua, huenda hata sura ya mama yake ameisahau. Mama Shoka atakaponyoosha mikono, usimwambie arushe chochote, usifungue ukurasa wowote. Mwache ambebe.