Swali la Bakuli la Pili

Da-eun, nimechoka mwili na roho. Leo tumezindua ile programu yangu ya kuagizia chakula, pale mgahawani kwa Mama Ok-sun. Natamani ardhi inimeze.

Mzee Pyo kajaza mtu mmoja, kisha kaagiza supu ya mifupa, mabakuli mawili. Lake na la marehemu mkewe, kama kawaida yake.

Simu yake ikapaza sauti: "Uko peke yako. Una uhakika unataka mawili?"

Sauti nimeiweka MIMI, eti wazee wasihangaike kusoma. Na swali nimeliandika mimi! "Uko peke yako." Mbele za watu, Da-eun!

Mama Ok-sun kanivuta jikoni: "We mtoto, miaka yote hii namletea mawili. Nimewahi kumuuliza?"

Swali nimelifuta hapo hapo. Narudi mezani, Mzee Pyo keshabonyeza mwenyewe: bakuli moja.