Kona Moja ya Kitanda cha Laras

Mulyoharjo, Jepara
14 Septemba 2019

Mpendwa Mbakyu Wuryani,

Asalaam aleikum, dada yangu. U hali gani huko Johor? Shemeji mgongo umempoa? Na binti yako Laras ameshazoea kwa mumewe? Sisi hapa wazima, ila kuku wa mke wangu Sulastri wameisha wote kwa kideri, na kisima kimekauka mpaka ananipimia maji ya kuoga.

Barua yako na picha zimefika. Umenishukuru kwa ubao wa kichwani wa kitanda cha harusi cha Laras. Umesema ukipapasa ule ukingo wa majani unausikia mkono wa marehemu baba ndani ya mkono wangu. Wallahi, Mbakyu, niliona raha, nikamwambia Sulastri anisomee tena kwa sauti. Kisha nikaitazama picha.

Ubao ule sikuuchonga mimi.

Unajua kaka yetu Kasmuri ameleta mashine karakanani, ile inayoongozwa na kompyuta. Ubao unabanwa mezani, kisu kinazunguka kikifuata pembezoni, na kabla hujamaliza kahawa yako ukingo mzima umeota majani. Shida yake ni kwenye kona. Kisu ni cha mviringo, hakiingii kwenye pembe kali, basi kila panapokutana majani mawili panabaki duara. Kang Kasmuri akaniita kwa ule upole wake wa kuomba: "Min, nipigie patasi kwenye hizi kona tu, mteja asijue. Ni za hoteli hizi, wageni wenyewe hulala na viatu." Nikacheka. Nikakaa wiki mbili nikinoa kona za mashine.

Sasa, kwenye picha yako, chini kushoto, kuna kona moja bado ni duara. Naikumbuka. Iliadhiniwa Alasiri, nikaweka patasi chini, na niliporudi ubao ulikuwa umeshapelekwa kwa kina mama wa kupiga msasa. Na siku hizo zote ubao wa Laras niliouchagua mwenyewe, mtiki wa kipande kimoja, umesimama ukutani kwangu. Kila nikiuliza vipimo, Kang ananiambia, "Tulia, Mbakyu bado hajavileta." Kumbe!

Nilimwendea hata vifungo vya shati sijafunga. Nikamkuta anakula. Nikamwambia, "Umempa dada yako mwenyewe kazi ya mashine ukamwambia ni yangu?" Hata tonge hakuliweka chini. Akasema, "Muulize yeye. Ndiye aliyetaka ya mashine. Alikuona siku ya Idi unamwaga chai kwenye sahani. Akasema, Ngatmin asiambiwe, ataumia, mwache aguseguse kona."

"Mwongo mkubwa we!" nikamwambia, mbele ya mafundi wote. Naye akanisukumia patasi: "Haya, chonga basi tuone." Sikuishika. Nimetoka pale na sirudi.

Imeniuma, Mbakyu. Kasmuri nimemzoea, tangu utotoni akiiba embe anasema ni Min. Lakini wewe? Na ile chai ilikuwa ya moto, nani asingeimwaga?

Simu sitaki. Kwenye simu utalia, na mimi nitasema yamekwisha, na wala hayajaisha. Nijibu neno moja tu: ulijua? Kama hukujua, nitapiga magoti kukuomba radhi. Kama ulijua, kunificha ningevumilia. Lakini kunishukuru! Kunitajia na mkono wa baba! Nilimfanyia nani ubaya gani mpaka nichezewe hivyo na watu wa tumbo moja?

Laras usimwambie kitu, mtoto alale kitandani kwake kwa furaha. Nisalimie shemeji Hamdan, mkwe wetu, na jirani yako Bi Saodah. Mungu awalinde nyumba nzima, na akupe moyo wa kuniambia kweli.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na hasira zangu zote,

Ngatmin

Mwandiko ni wa Sulastri, najua umeutambua tangu mstari wa kwanza. Changu ni hilo jina hapo juu tu, na karatasi tatu nimezichana kabla halijasomeka.