Utani Uliorushwa Hewani

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumatatu, 27 Januari 2025

Ramadhan Maganga,

Salamu. Afya yako siiulizi, naisikia kila asubuhi unavyobweka redioni. Ya kwangu na wewe usiiulize.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu namba yako nimeifungia, na nikikupigia utanirekodi. Barua hii naiacha mapokezi ya kituo chenu. Ukitaka kuisoma hewani, isome yote.

Tarehe kumi na nane tulimzika mama yangu, Bi Waridi. Ulikuja msibani, ukavaa kanga yake, ukaigiza sauti yake mbele ya waombolezaji. Hilo sina neno. Mimi Mzaramo, wewe Mnyamwezi, watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana ruhusa ya kumtania hata maiti. Watu walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, na siku ile ndiyo nikala chakula.

Lakini Jumatatu yake ukaingia studio, ukaivaa tena sauti ya mama. Redioni, Maganga! "Nimekufa namngoja Idrisa anipeleke hospitali, kumbe yuko kijiweni anapiga soga." Huna haya? Yule mama hajapoa kaburini!

Kipande hicho sasa kiko kwenye kila simu. Juzi pale sokoni Mchikichini, ninapouza viatu, mteja kashika kiatu, kanitazama usoni, kakirudisha kwenye meza. Ananiuliza, "Si ndiye wewe uliyemwacha mama yako afe?" Mbele ya wenzangu wote.

Nataka uniombe radhi hewani, kipindi kile kile, kwa jina langu kamili, kabla ya khitma ya arobaini, Alhamisi tarehe 27 Februari. Ukishindwa, usikanyage kwangu.

Mtani wako, kwa sasa,
Idrisa Pazi

*

Buguruni
Ijumaa, 31 Januari 2025

We Mzaramo mvivu,

Hujambo? Miguu inauma? Najua inauma, maana tangu uzaliwe hujawahi kuifanyisha kazi. Shemeji hajambo? Mwambie bado namuonea huruma. Mimi mzima, nabweka kama ulivyosikia.

Barua nimeipata. Lo! Mtu mzima unanifungia simu kama binti aliyeachwa. Idrisa, nani alianza kutukana hewani katika mji huu kama si mimi na wewe? Umesahau? Zamani redio ilikuwa moja tu, na raia kusikika humo ni mpaka ajaze kadi ya salamu, aorodheshe majina ya shangazi zake, asubiri wiki tatu mtangazaji amsomee. Sauti yake mwenyewe hairuhusiwi. Zikaja redio za watu binafsi, tukaingia mimi na wewe mwaka tisini na sita. Wewe unaniita mpagazi, mimi nakuita mcheza ngoma, mji mzima unachelewa kazini kutusikiliza. Sisi ndio tuliowapa watu simu waseme wenyewe. Maji yakijaa Jangwani hatukumngoja mkubwa atoe taarifa, tulimpa maikrofoni mama aliyekaa juu ya bati.

Leo unakuja kunifundisha haya ya redio!

Na nikwambie, kabla ya kuigiza nilitamka wazi: "Huyu ni mtani wangu, na marehemu kanilisha kwa mkono wake." Jacqueline, mtayarishaji wetu, ndiye aliyekata kipande cha kuweka mtandaoni, akaacha mwanzo. Kwake mwanzo hauchekeshi. Hakukusudia ubaya. Ndiyo kazi ya siku hizi.

Radhi? Tangu lini mtani akaombwa radhi? Kunywa maji ulale.

Mtani wako hadi kiama,
Maganga

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumapili, 9 Februari 2025

Maganga,

Wa nyumbani kwangu hawajambo, na huruma yako hawaihitaji.

Unamsukumia binti wa watu kosa lako. Jacqueline ana miaka mingapi? Kwake utani ni wa mpira, timu ya Jangwani na timu ya Msimbazi, basi. Msibani kwao hakuna anayevaa nguo za marehemu. Wewe unajua. Wewe ndiye mzee pale ndani, ukafungua mdomo mbele ya kamera.

Ndiyo, kamera! Unanihadithia historia ya redio, nimalizie mimi. Tuliwapa watu simu, sawa. Baadaye meneja akasema simu peke yake haileti matangazo, tusome meseji. Meseji zikaja na umbea. Umbea ukazaa ule mchezo wa kumpigia mke wa mtu hewani, kujifanya bwana wa pembeni, ili mumewe asikie. Nilikwambia ule mchezo ni haramu. Ukaniambia nimezeeka. Ndoa ngapi mlivunja watu wakicheka kwenye gari zao? Kisha wakaleta kamera, redio ikawa ya kutazamwa, nikaondoka zangu nikauze viatu. Wewe ukabaki, ukanunua shati jipya.

Pale barazani kwangu walikuwepo watu waliomjua mama. Walijua nilimbeba mgongoni ngazi za ghorofa zote tatu za hospitali, na wewe ulikuwa nyuma umeshika pochi yake. Ndiyo maana walicheka. Walioko kwenye simu zao wamejua nini?

Dada yangu Shamsa yuko Lindi, mgonjwa, mazishi hakuwahi. Jana kanipigia. Hakunisalimia. Kauliza, "Idrisa, mama alikusubiri muda gani?" Nimemwapia kwa Mungu, akakata simu. Sasa hivi hapokei. Dada yangu wa tumbo moja, Maganga, anaamini kipande chenu kuliko mdomo wangu.

Sitaki maelezo tena. Nataka radhi.

Idrisa

*

Buguruni
Jumapili, 16 Februari 2025

Mzaramo,

Leo sikutanii sana. Kifua kinanibana kidogo, vumbi la Buguruni. Nawe pumua.

La Shamsa sikulijua. Nimempigia mara mbili, kwangu pia hapokei. Kile kipande nimemwambia Jacqueline akiondoe, kakiondoa, lakini watu walishakichukua, kipo kila mahali. Mtoto wa watu amelia. Nikamwambia asilie, akasome utani ni nini.

Ila unakasirika mpaka unavuka mpaka, Idrisa. Siku ile nilisema mengi kwa sauti ya mama. Nilisema mchoyo wa nazi. Nilisema anakoroma mpaka paka wanahama. Mbona limekuchoma moja tu?

Haya, nimekuudhi, najua. Sasa sikiliza, maana unachoniomba hukijui uzito wake, au unaujua na unajitia wazimu. Mtani hakasirikiwi na mtani haombi radhi. Nikisimama mbele ya watu nikasema "nisamehe Bwana Idrisa", nimekiri kwamba sikuwa na haki ya kukutania. Nikikiri hilo, utani umekwisha. Si kwa redio, kwa kweli kabisa. Wanyamwezi wenzangu ndio waliomlaza baba yako kaburini kwa matusi, na mimi nilikuja Bongo bila ndugu, mama yako akaniambia, "We mpagazi, shusha mzigo, ingia ule." Hakuwahi kuniita jina langu hadi anakufa. Unataka nilifute hilo ili mnunuzi wa viatu aridhike?

Njoo studio. Kaa kwenye kiti chako cha zamani, nitukane saa nzima. Niambie nimeua mama, baba, na mbuzi. Watu wataelewa wenyewe. Hivyo ndivyo watani wanavyomaliza mambo. Nakuomba, na mimi si mtu wa kuomba.

Mtani wako,
Maganga

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Alhamisi, 20 Februari 2025

Maganga,

Ugua pole.

Studio siji. Nikija Jacqueline atakata dakika moja ninayokutukana, na kesho nitakuwa mtoto aliyeua mama halafu akaja kupiga kelele. Mtafaidi nyie.

Unauliza kwa nini limenichoma moja. Koma. Koma kabisa.

Unasema nikipata radhi utani utakwisha. Na uishe. Dada yangu namtaka kuliko mtani.

Idrisa Pazi

*

Buguruni
Jumatano, 26 Februari 2025

Kwa Bwana Idrisa Pazi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini wewe, mama watoto na familia nzima ni wazima wa afya. Mimi namshukuru Mungu, kifua kimepata nafuu.

Nakujulisha kwamba jana asubuhi nimekuomba radhi hewani, kama ulivyoagiza. Nimelitaja jina lako kamili. Nimesema maneno niliyoyatoa hayakuwa ya kweli, na kwamba marehemu Bi Waridi alihudumiwa vizuri na mwanawe mpaka dakika ya mwisho, nami ni shahidi. Jacqueline ameiweka mtandaoni nzima, hakukata kitu. Waliotazama ni wachache, ila nimemtumia Bi Shamsa moja kwa moja. Amenijibu kwamba ameisikia na kwamba atakupigia. Naamini ameshafanya hivyo.

Baada ya pale msikilizaji mmoja wa zamani, kutoka Ilala, alipiga simu. Aliuliza kama mimi na wewe bado ni watani. Nilimjibu kwamba hapana, Bwana Idrisa ni mtu niliyewahi kufanya naye kazi, na ninamheshimu.

Kesho kwenye khitma sitafika. Pale nilikuwa na kazi ya mtani, na kazi hiyo sasa sina. Kama utahitaji mtu wa kuwachekesha wafiwa, wako Wanyamwezi wengi hapa Buguruni, nitakuelekeza. Kanga ya marehemu niliyobaki nayo nimeifua na kuipiga pasi, nimeiambatanisha na barua hii.

Samahani kwa usumbufu wote uliojitokeza.

Mwisho, kuna jambo ambalo mwezi uliopita sikuruhusiwa kukwambia, kwa sababu mtani hatoi pole, anatania. Sasa naruhusiwa. Pole sana, Bwana Idrisa, kwa kufiwa na mama yako.

Wako,
Ramadhan S. Maganga
Mtangazaji