Tawi la Sale kwa Dada Salvina

Kilema, 6 Februari 2022

Dada yangu Sista Salvina,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Ubelgiji haijakumaliza. Huku sote wazima. Mke wangu Esther na watoto wanakusalimu, na ng'ombe amezaa, ila ni dume.

Dada, lile suala la kihamba cha chini, shamba letu la migomba. Marehemu baba alitaja jina lako kuwa mrithi mbele ya ukoo, sikatai. Lakini wewe ni mtawa, umeapa ufukara. Migomba utaipeleka wapi? Nitumie karatasi yenye sahihi yako, nikishike mimi. Na shangazi Aikande na wale wajane wake, Stella na Hilaria, waondoke humo. Wanawake watatu wanajifungia na rozari, hawana mume, hawana padri wa kuwasimamia! Ukoo wetu umekuwa kichekesho.

Mdogo wako,
Eliona

Leuven, 27 Februari 2022

Mdogo wangu Eliona,

Marahaba. Mimi mzima, ila vidole vimekufa ganzi. Msalimie Esther.

Chumba ninacholala kina mamia ya miaka. Zamani walikaa humu wanawake walioitwa mabegini. Walisali, walifuma sufu, waliuguza wagonjwa. Hawakuolewa, wala hawakuwa watawa wa kufungwa na nadhiri za maisha. Kila mmoja alikula jasho lake. Na wao walikuwa na akina Eliona wao, wanaume waliowaandikia maaskofu kwamba mwanamke asiye na msimamizi ni mzushi. Wapo waliochomwa moto kwa maneno hayo. Nyumba zao bado zimesimama, lakini hao waandishi wa barua hakuna anayewataja.

Shangazi anauza maziwa yake, anasali alfajiri, hajakuomba hata chumvi. Haondoki, na mimi sisaini. Tena nasikia umeng'oa masale, ile mimea inayoonyesha mpaka, ukapanda migomba yako hadi karibu na mlango wake. Yarudishe.

Dada yako,
Sista Salvina

Moshi, 3 Oktoba 2022

Eliona,

Salamu sina, ila mama alitufundisha kujuliana hali. Haya, hujambo? Mimi sijambo kuliko unavyodhani.

Barua yako kwa Mama Mkuu imenirudisha huku kutoka Leuven, ikasomwa mbele yangu. Niliujua mwandiko kabla ya kufika kwenye jina, maana herufi hizo nilikufundisha mimi, kwa mkaa, ukutani jikoni. Umeandika kwamba nimeficha ardhi na kuvunja nadhiri. Nikapewa wiki moja: nikuachie kihamba, au nivue shela. Miaka kumi na tisa, Eliona! Nimelia siku sita. Ya saba nimeivua.

Sasa sikiliza, maana hukufikiri. Ungetulia tu, ningezeeka sista, nife bila mtoto, kihamba kiwe chako bila kelele. Umenitoa kwenye ufukara kwa kalamu yako mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, mdogo wangu.

Kesho nahamia kwa shangazi. Tutakuwa wanne. Makaburi ya baba na mama yamo ndani ya uzio wangu. Krismasi usisogee.

Dada yako,
Salvina

Kilema, 9 Desemba 2023

Dada Salvina,

Shikamoo. Hali zenu hapo chini? Sisi tupo.

Krismasi iliyopita nilisimama nje ya lango lako na watoto, mbuzi mkononi, ndugu waliotoka Dar wakiniangalia. Mwanangu mdogo akauliza kama bibi yake aliye kaburini amenikasirikia. Jamani, dada, niliwageuza watoto tukarudi na mbuzi wetu.

Sitaki ardhi tena. Nataka kufika kaburini kwa mama. Esther anakuletea barua hii pamoja na sale. Unajua sale ya kuomba msamaha haikataliwi.

Mdogo wako,
Eliona

Kilema, kihamba cha chini, 12 Desemba 2023

Mdogo wangu Eliona,

Marahaba. Sisi wazima. Shangazi anakohoa kidogo lakini bado anakamua mwenyewe.

Sale nimeipokea. Stella alitaka niirudishe, shangazi akamkaripia: Mchaga hakatai sale. Basi nimekusamehe, kwa kuwa mila imenibana. Moyo wenyewe bado. Nauombea kila alfajiri na haujafika.

Ila haraka yako ndiyo ile ile. Badala ya kuchuma jani, umekata tawi zima, na tawi la sale ukilichomeka ardhini linaota. Nimelichomeka mpakani, pale pale ulipong'oa. Migomba yako saba ilikuwa imeziba nafasi, nimeikata. Mtori wa ndizi zake tunakula wiki nzima. Mpaka ni mrefu hadi mtoni, kwa hiyo mpe Esther matawi mengine kumi na moja. Ukate wewe mwenyewe.

Krismasi njoo na watoto, wamsalimie bibi yao. Utapiga hodi langoni. Atafungua yeyote kati yetu, hata Stella uliyetaka kumfukuza, na wewe ndiye utakayeamkia kwanza. Kisha subiri hapo nje mpaka akuambie karibu.

Dada yako, mwenye kihamba,
Salvina