Mke Mwenzangu wa Kambini

Baba Akinyi,

Muda wote huu hata ndotoni hufiki? Njia ya kuja nyumbani Mbotela uliijua hata ukiwa umelewa. Akinyi ndiye anaandika, mimi nasema. Analia. Nimemwambia asinilowanishie karatasi.

Mke mwenzangu wamemtundika. Naisema ile ndege yako ya kufundishia marubani, iliyokuja vipande vipande kwenye masanduku, ukaiunga ukiwa fundi kijana. Mwanafunzi na mwalimu walikaa ndani bega kwa bega. Ilifundisha vijana wa watu kuruka, baadaye wakaifungia mabomu, ikazeeka, zikaja mpya, ikaachwa kwenye nyasi inang'olewa vyuma ili dada zake waruke. Sasa wameipaka rangi, iko juu ya nguzo langoni mwa kambi, tumbo tupu. Makorongo wanainyea. Nilicheka, bibi kizee mimi, mpaka askari akaniuliza, "Shosho, uko sawa?" Nikamwambia, "Huyo alikula mume wangu."

Si alikula masikio yako? "Injini yake inaimba, Mama Akinyi." Ikaimba, ikaimba, ukawa unaniomba chumvi kwa kelele, majirani wakidhani tunapigana. Na lile lori lililokuua Jogoo Road lilipiga honi. Barabara nzima ilisikia, isipokuwa wewe.

Sasa sikia, kama huko unasikia. Akinyi amezaa kijana. Helikopta ya kambi ilipita juu ya nyumba, vikombe vikatetemeka, mtoto hakupepesa jicho. Daktari amempima. Hasikii. Dada yako akasema, tena akinywa uji wangu, "Ni kaka amerudi. Mpeni jina lake." Nilimtoa nje na kikombe mkononi.

Desturi unaijua. Mtoto akilia, anatajiwa majina ya waliokufa mpaka anyamaze kwa lake. Huyu nimtajie nini? Jana nilimweka kifuani, nikalisema lako mdomo ukiwa umegusa kichwa chake. Akatulia. Sijui ni jina, sijui ni joto langu tu. Kwa hiyo lazima uje mwenyewe useme.

Mimi nakuahidi hili: nikiwa hai, Jogoo Road mtoto huyu hataivuka bila mkono wangu.

Lala, mzee wangu. Nimekukasirikia, na upande wako wa kitanda hakuna anayelala.

Ukija, pitia langoni kwanza. Masikio yale yasiyosikia mwachie mke mwenzangu. Jina niletee mimi.