Majina Yako Matatu kwenye Ukurasa wa Waandishi

Yaya Mwajuma, uliye kwangu dada mkubwa,

Ukurasa umekwisha. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ungekuwa hai ungeuliza hilo kwanza, mbele ya habari za watoto, mbele ya salamu. "Shabani, ile kazi imeisha ao ungali unacheza na mashini?" Imeisha. Nimechoka hata kalamu naiona nzito, lakini imeisha.

Tangu tukuzike kule Wamaza, jarida letu limebadilika. Unakumbuka lilivyokuwa kwenye mtandao: habari juu ya habari, kama mihogo iliyomwagwa kwenye turubai, mutu anasoma akishuka tu mpaka anachoka. Wewe ulikuwa unaandika huko kwako kwenye karatasi za shule, unampa mwenye pikipiki anayekuja Kasongo, na mimi hapa kwenye kibanda changu cha kutengeneza telefone naziingiza kwenye mashini, hii kompyuta yangu, jua likishajaza batri. Karatasi zako zilikuwa zinafika na doa la mafuta ya mawese kwenye pembe. Sikuwahi kuuliza ni chakula chako ao cha mwenye pikipiki.

Sasa Direkta wetu anataka jarida lifanane na ya wakubwa. Akasema tuweke ukurasa wa waandishi: kila mmoja jina lake, foto yake, maneno machache juu yake, na chini yake yote aliyoandika. Wazo lenyewe zuri, sikatai. Kazi ikaniangukia mimi, maana ni mimi peke yangu najua kuiambia hiyo mashini kitu ikasikia. Hakuna aliyenifundisha, unajua. Nilijifunza kwenye telefone yenye kioo kilichopasuka, na wewe ukinifasiria Kifaransa cha maelezo neno kwa neno. Lakini kwenye mkutano wa komite Direkta aliniita "peti wa mashini". Nina mvi kwenye ndevu, Yaya. Peti, kama kitoto cha kutumwa.

Halafu akaleta sheria yake. Mwandishi asiyefikisha maandiko saba hapewi ukurasa. Anatupwa chini kabisa kwenye kapu moja tuliloliita "Wengine". Nikainamisha kichwa nikafanya. Niliwaza wewe kwenye hiyo sheria utapita tu. Nani amekuzidi kuandika?

Siku tulipoufungua ukurasa, Riziki wako, ambaye sasa anafundisha Lusangi, alinitumia sauti. Hakulia. Alisema tu, kama mutu anayerudisha chenji isiyotimia: "Mjomba Shabani, nimetafuta mama. Haiko."

Nikaangalia. Ulikuwako, Yaya, lakini ndani ya "Wengine", tena umekuwa watu watatu. Mwalimu Mwajuma, maandiko manne. Mama Riziki, sita. Mwajuma binti Kalonda, matano. Kila mmoja peke yake hafikishi saba. Mashini haina akili ya kujua kwamba hawa wote wanapika kwenye sufuria moja.

Nilikukasirikia. Naandika kweli. Nilikaa pale kwenye kibanda nikakusemesha kwa nguvu mpaka mteja aliyeleta telefone yake akarudi nyuma hatua. Kwa nini usichague jina moja kama watu wengine? Halafu nikakumbuka kwamba nilishakuuliza, ile siku ulikuja Kasongo kutafuta chaki, ukakaa kwenye kreti langu unakula mandazi. Ulinijibu bila kuacha kutafuna: "Mambo ya shule inasemwa na mwalimu. Mambo ya shamba na ya kulea inasemwa na Mama Riziki, maana mbele ya kumzaa Riziki mimi sikujua kitu. Na maneno ya Kibangubangu ni ya baba yangu, yataandikwa na mutoto wa Kalonda. Mwalimu akiyaandika, wazee batasema ametoa kwenye kitabu." Ukapangusa vidole ukaongeza: "Mudogo wangu, mutu hasemi yote na mudomo mumoja."

Nikaenda kwa Direkta na hesabu. Nne na sita na tano ni kumi na tano. Yeye mwenyewe ana tisa, na ndani ya hayo tisa, mawili ni matangazo ya mkutano. Alikohoa. Akasema sawa, tumuunganishe, lakini kwa jina lililo kwenye karte ya kura, na tuheshimu marehemu. Akaomba aliandike kwa mkono wake.

Yaya, ungecheka mpaka ukae chini. Aliandika "Feu" mbele ya jina, kama wanavyoandika kwenye makaratasi ya serikali mutu akifariki. Lakini alilibandika ndani ya jina lenyewe, na mashini inapanga majina kwa herufi. Ikakuhamisha M ikakuweka F. Papa Ngongo wa Lusangi, yule wa habari za samaki, aliyetangulia mbele yako, naye alimfanyia vile vile. Mukakaa wawili pale chini ya F kama mutu na kaka yake. Msomaji mmoja wa Kindu akapiga simu kuuliza hii familia ya Feu ni ya upande gani, mbona yeye anajua familia zote za Kasongo. Direkta akanitazama mimi, eti mashini yangu imekosea.

Na jina lenyewe likawa vita. Direkta anasema binti Kalonda. Wakwe zako wamesikia, wakatuma ujumbe kutoka Wamaza kwamba wao wamemzika Mama Riziki, hawamjui mwingine. Walimu wenzako wanasema wao walifiwa na mwalimu. Kila mmoja ana haki na kila mmoja ananipigia mimi. Nikichagua moja, hawa wawili wengine nawazika mara ya pili.

Kilichoniamulia ni karatasi yako ya mwisho. Hujui kama ilifika. Ilifika, wiki ile ile tuliyorudi kutoka kukuzika. Mwenye pikipiki alikuwa ameibeba kifuani tangu kabla hujaugua. Mvua ilimzuia njiani, akaja akaniwekea mezani, akavua kofia. Ni ile habari ya bustani ya shule: watoto wanapanda mboga vizuri lakini majani hawayajui kwa Kibangubangu, wanaita yote "mboga" tu, na wewe umeyaandika moja moja, hili la kuchemsha, hili la kupaka tumboni kwa mutoto. Shule iko ndani, shamba liko ndani, na maneno ya baba yako yako ndani. Nikageuza karatasi kutafuta umeiweka sahihi ya nani. Hukuweka. Doa la mawese tu.

Nikasema basi. Kama wewe mwenyewe ulishindwa kuchagua, peti wa mashini ni nani?

Nimefanya hivi. Majina yako yote matatu yako kwenye orodha, kila moja mahali pake, na mutu akigusa lolote anafika kwenye ukurasa mmoja. Yote yanaanza na M, kwa hiyo mumekaa karibu karibu kama dada kwenye mkeka. Ni Papa Masudi wa habari za nyuki tu, aliyejiandika Masudi bila Papa, ndiye amebanwa katikati, kati ya Mama Riziki na binti Kalonda, na mpaka sasa hajalalamika. Direkta alilalamika kwa niaba yake. "Marehemu mumoja anakalia viti vitatu?" Nikamwambia ameviletea kazi vyote. Neno "Feu" nimelitoa, kwako na kwa Papa Ngongo. Badala yake nimeandika chini ya foto yako: alizaliwa Wamaza, akafundisha Wamaza, amelala Wamaza. Mwenye kusoma ataelewa.

Foto ni ile ya harusi ya Riziki, hatuna nyingine nzuri. Mwanzoni nilikuwa nimezikata foto za wote ziwe duara, ndiyo mtindo wa sasa. Duara likakukata kile kitambaa cha njano ulichokifunga kichwani kikasimama kama jogoo. Nikakusikia kabisa: "Unipige mzima ao usinipige." Nikazigeuza zote ziwe pembe nne, za waandishi wote, kwa sababu ya kitambaa chako. Direkta anasema tumefanana na karte za kura. Na tufanane.

Riziki amepita hapa juzi akienda Kabambare. Nilimpa telefone yangu. Akagusa Mama Riziki, akatokea mama yake. Akarudi nyuma, akagusa Mwalimu, akatokea yeye yule. Akagusa binti Kalonda taratibu, kama anagonga mlango wa nyumba anayojua imefungwa. Akatazama kile kitambaa sana. Halafu akasema, "Kumbe bote ni yeye," akanirudishia telefone, akaniambia niizime nisimalize mega zangu za mtandao. Ni mutoto wako kweli.

Mimi bado nimechoka, Yaya. Sijui kama jarida litakaa. Rezo ya telefone inakatika, Direkta ana mawazo mapya kila jumatatu, na hakuna tena wa kuniambia sentensi yangu ni ndefu. Karatasi zinazofika sasa ni safi. Hazina doa.

Nakuaga hapa, batri inashuka. Lala salama kwenu Wamaza, Mungu akupanulie mahali. Ahadi yangu ni hii: jarida likihamishwa, likibadilishwa sura, likichukuliwa na peti mwingine, milango yako mitatu nitasimama nihakikishe inafunguka. Na habari ya bustani nimeshaiingiza. Ni ya kumi na sita. Pale pa sahihi nimepaacha wazi kama ulivyopaacha.

Mudogo wako,
Shabani